UZI: Haidrojeni ilitoka wapi? Mwanafunzi kaniuliza, nimekaa wiki nzima na swali lake

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi nafundisha kemia kidato cha pili. Wiki iliyopita tulikuwa maabara tunatengeneza haidrojeni kwa njia ile ile tuliyofundishwa wote: punje za zinki ndani ya chupa, asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa inashuka kidogo kidogo, gesi inapita kwenye mrija na kukusanywa juu ya maji. Kijiti kinachowaka kikasogezwa kwenye mdomo wa neli, ikalia "pap!", darasa zima likashangilia. Ndani ya neli ukabaki ukungu mwembamba wa maji.

Binti mmoja wa mstari wa mbele, msema kidogo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, haidrojeni hii imetoka kwenye asidi. Asidi iliipata wapi?"

Nikamjibu kwamba viwandani huipata kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. "Na maji yaliipata wapi?" Nikasema Dunia iliikuta kwenye wingu la gesi na vumbi lililozaa Jua. "Na wingu?" Kengele ikalia. Nikamwahidi jibu.

Wiki nzima nimesoma na kukokotoa usiku. Nilikuwa na picha kichwani kwamba mahali fulani, wakati fulani, haidrojeni ilitengenezwa kama tunavyoitengeneza maabara. Sivyo. Haidrojeni ni unga uliobaki kwenye sinia jiko lilipozima. Vitu vingine ndivyo vilivyopikwa. Hilo ndilo nataka nilieleze hapa, na mwenye kujua zaidi anisahihishe kabla sijarudi darasani.

Kwanza kuna jambo ambalo darasani tunalipita mbio. Kiini cha haidrojeni ya kawaida ni protoni moja, basi. Ukiuliza haidrojeni ilitoka wapi, umeuliza protoni zilitoka wapi. Elektroni inakuja baadaye sana.

Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi. Mwanzoni kabisa joto lilikuwa kali kiasi kwamba hata protoni isingeweza kusimama. Palikuwa na mchuzi wa kwaki, zile chembe zinazoijenga protoni. Kabla sehemu 1 ya 10,000 ya sekunde haijatimia, joto lilishuka chini ya nyuzi trilioni 2, na kwaki zikashikana tatu tatu. Kwaki mbili za aina ya "juu" na moja ya "chini" zikawa protoni. Mbili za "chini" na moja ya "juu" zikawa nyutroni. Mchuzi huo si wa kufikirika. CERN, maabara ya fizikia pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanagonganisha viini vya risasi, maabara ya Brookhaven kule Marekani wamegonganisha viini vya dhahabu, na kwa kufumba na kufumbua kwaki zinaachiana tena.

Sasa hapa niliweka kalamu chini. Kila chembe ilizaliwa pamoja na chembe pinzani, na zikikutana zote mbili zinatoweka na kuwa mwanga. Kwa kila chembe pinzani bilioni 1, za kawaida zilikuwa bilioni 1 na moja. Zikafutana, ikabaki ile moja. Mwanga wa maangamizi hayo bado upo angani hadi leo, na ukihesabu unapata chembe za mwanga bilioni 1.6 hivi kwa kila protoni au nyutroni moja iliyosalia. Mwaka 1967 Andrei Sakharov wa Urusi alitaja masharti matatu ambayo lazima yatimie ili hiyo moja ya ziada ipatikane. Chanzo chake hasa hakijapatikana. Nitamwambia mwanafunzi wangu hivyo hivyo: hapa ndipo sayansi ilipofika, na pana nafasi yako.

Naendelea kesho, umeme unasumbua.

#2

Mwalimu, nimevuta kigoda. Kidato cha pili mimi niliambiwa tu "ni gesi isiyo na rangi wala harufu", tukafunga daftari. Shusha.

#3

Heshima kwako mleta uzi, ila mimi nina swali moja. Sekunde ya kwanza ya ulimwengu nani alikuwepo akaiona? Mungu ndiye aliyeumba. Hizo sehemu za sekunde mnazipimia wapi?

#4 Mleta uzi

Mkuu #3, swali lako ni la haki na nitalijibu lote, ila ushahidi wake hauonekani vizuri bila hesabu ninayotaka kuiweka sasa, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kuhusu Mungu sina ugomvi na wewe, nami ni muumini. Mtu aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu wote ulianza kama chembe moja iliyosongamana ni Georges Lemaître wa Ubelgiji, na alikuwa padri wa Kikatoliki mpaka anakufa.

Haya, tuingie jikoni.

Katika sekunde ya kwanza protoni na nyutroni zilikuwa zinageukiana: hii inakuwa ile, ile inarudi kuwa hii. Ila nyutroni ni nzito kuliko protoni kwa sehemu ndogo mno, 0.14 kwa mia. Kilicho kizito zaidi kinadai nishati zaidi, kwa hiyo kadiri joto lilivyoshuka ndivyo protoni zilivyozidi. Ilipotimia sekunde 1 hivi, joto likiwa nyuzi bilioni 10, ulimwengu ulikuwa unatanuka na kupoa haraka kiasi kwamba migongano ya kuzigeuza haikuwahi tena. Zikaganda hapo: nyutroni 1 kwa protoni 6.

Ili upike heliamu unahitaji kwanza kushikanisha protoni moja na nyutroni moja. Mshikano huo unaitwa deuteriamu, yaani haidrojeni nzito, na ni dhaifu. Mmewahi kuwasha kiberiti ufukweni upepo wa kusi ukivuma? Unakwaruza, moto unashika, kabla hujaufikisha kwenye mkaa umezima. Ndivyo ilivyokuwa. Kila deuteriamu ilipoungana, ilipigwa na mwanga mkali ikavunjika. Kumbukeni ile hesabu ya juu, chembe za mwanga zaidi ya bilioni kwa kila protoni. Hata joto liliposhuka, katika umati ule hazikukosekana chache zenye nguvu ya kuvunja. Ikabidi kusubiri upepo utulie, na ulitulia joto lilipokaribia nyuzi bilioni 1. Hapo ilikuwa dakika ya tatu.

Na wakati wa kusubiri, nyutroni zilikuwa zinakufa. Nyutroni ikiwa peke yake haidumu. Kila dakika 10 nusu yake zinageuka protoni. Kwa hiyo upepo ulipotulia, hesabu ilikuwa imeshuka hadi nyutroni 1 kwa protoni 7.

Jumamosi nilikaa mezani na vizibo. Vizibo 14 vya soda vikawa protoni, vifuniko 2 vya buluu vya chupa za maji vikawa nyutroni. Moja kwa saba, ndiyo hiyo. Heliamu inataka protoni 2 na nyutroni 2. Nikachukua vifuniko vyote viwili vya buluu na vizibo viwili vya soda, nikavifunga kwa mpira wa pesa. Nyutroni zimekwisha. Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa ameegemea meza ananitazama, akasema, "Baba, na hivi vingine?"

Vimebaki 12. Hivyo vingine ndivyo haidrojeni.

Angalieni uzito sasa. Fungu la heliamu lina chembe 4 kati ya 16, yaani robo. Haidrojeni chembe 12 kati ya 16, yaani robo tatu. Robo ya heliamu, robo tatu ya haidrojeni. Nikaangalia vipimo vya gesi kongwe za angani, ni hivyo hivyo, heliamu ni karibu 25 kwa mia kwa uzito. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimejipendelea.

#5

Nimefuatilia kwa makini, swali dogo. Zile protoni 12 zilizobaki kwa nini zisishikane zenyewe kwa zenyewe? Joto lilikuwepo la kutosha. Jua mbona linachoma haidrojeni tupu?

#6

Kabla mwalimu hajajibu, naomba kuweka sawa kitu kimoja kwa watakaosoma baadaye. Dakika 10 alizotaja ni muda wa nusu yake kufa. Vitabu vingi vya fizikia vinataja wastani wa uhai wa nyutroni, ambao ni sekunde 880 hivi, karibu dakika 15. Namba zote mbili ni sahihi, msije mkamshambulia. Na bado watu wanabishana: nyutroni zikifungiwa ndani ya chombo zinahesabiwa sekunde 878, zikipimwa kwenye mkondo unaopita zinapata kama sekunde 888. Sekunde kumi tu, lakini zinagusa moja kwa moja kiasi cha heliamu kilichopikwa.

#7 Mleta uzi

Asante sana #6, hili la chombo na mkondo sikulijua vizuri, naliongeza kwenye daftari.

#5, umegusa penyewe. Protoni mbili zikigongana hazishikani, zinaachana. Ili zishike lazima moja wapo igeuke nyutroni papo hapo, katika mgongano ule ule, na hilo ni nadra mno. Ndani ya Jua, kwenye kitovu chenye nyuzi milioni 15, protoni moja inasubiri mabilioni ya miaka kwa wastani kabla bahati hiyo haijaiangukia. Jua linawaka kwa sababu lina protoni zisizohesabika na muda mrefu. Ulimwengu mchanga ulikuwa na dakika tu. Baada ya dakika 20 hivi gesi ilikuwa imetawanyika na kupoa mno, jiko likazima.

Pia hapakuwa na ngazi ya kupandia kwenda juu. Hakuna kiini chochote imara chenye chembe 5, wala chenye chembe 8. Ukiongeza protoni kwenye heliamu inaanguka, ukigonganisha heliamu mbili zinaachana. Ilipatikana lithiamu kidogo sana, basi. Kaboni ya mkaa, oksijeni tunayovuta na chuma cha sufuria vilisubiri nyota.

Jambo linalonikosesha usingizi ni hili. Ile nguvu inayogeuza protoni kuwa nyutroni ingekuwa dhaifu zaidi kuliko ilivyo, kugeukiana kungekoma mapema, nyutroni zikiwa bado karibu sawa na protoni. Kila protoni ingepata mwenzake. Kila kitu kingekuwa heliamu, gesi isiyoshikana na chochote. Maji yasingekuwepo hata tone. Tunakunywa maji kwa sababu nyutroni zilikuwa chache.

#8

Mwalimu, ile zamu ya #3 imefika au bado? Maana hata mimi nangoja.

#9 Mleta uzi

Imefika.

#3, hakuna aliyekuwepo. Ila nawe hukuwepo babu wa babu yako alipozaliwa, na unajua alizaliwa kwa sababu upo. Ushahidi wa dakika zile umetapakaa, nami nitaleta ule ulionigusa.

Kwanza, tulijuaje kwamba haidrojeni ndiyo nyingi kuliko vyote? Miaka 100 tu iliyopita wataalamu waliamini Jua limeundwa kwa vitu vile vile vya Dunia, chuma na kadhalika, ila vya moto. Aliyewatoa huko ni msichana wa Kiingereza, Cecilia Payne, aliyekwenda Harvard kwa kuwa kwao Uingereza mwanamke hakuwa na nafasi kwenye kazi hiyo. Alichukua fomula ya Mhindi Meghnad Saha ya mwaka 1920, inayoeleza jinsi joto linavyong'oa elektroni kwenye atomi, akasoma upya mistari ya mwanga wa nyota, na mwaka 1925, akiwa na miaka 25, hesabu zake zikaonyesha haidrojeni ni kama mara milioni moja ya metali. Henry Norris Russell, mkubwa wa fani wakati huo, akamwambia haiwezekani. Akalazimika kuandika kwenye tasnifu yake mwenyewe kwamba wingi ule karibu kwa hakika si wa kweli. Mwaka 1929 Russell akafika kwenye jibu lile lile kwa njia yake, akakiri kuwa binti alitangulia. Uprofesa kamili Payne aliupata mwaka 1956. Habari hii nitamsomea mwanafunzi wangu neno kwa neno.

Pili, palikuwa na jibu jingine, na waliolitoa hawakuwa watu wa mchezo. Mwaka 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walisema ulimwengu hauna mwanzo, na haidrojeni inazuka polepole daima, atomi moja hapa nyingine kule, kadiri anga linavyotanuka. Mwaka huo huo Ralph Alpher na George Gamow walitoa wazo la jiko la mwanzo. Kilichoamua ni heliamu. Nyota zinapika heliamu, lakini haziwezi kuwa zimepika robo nzima ya uzito wa kila kitu. Na walioandika hilo bayana mwaka 1964 ni Hoyle mwenyewe akiwa na Roger Tayler! Alikuwa upande wa pili wa ubishi, lakini hesabu aliiweka mezani. Mimi namheshimu sana kwa hilo.

Tatu, wameikuta gesi yenyewe. Mwaka 2011 wanaastronomia waliotumia darubini ya Keck kule Hawaii walitangaza mawingu mawili ya mbali yenye haidrojeni bila dalili ya kaboni, oksijeni wala chuma. Mwanga waliousoma ulipita humo ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi. Ni unga ambao hakuna nyota iliyoutia mkono.

Nne, nenda kachote maji. Glasi ya mililita 250 ina gramu 28 hivi za haidrojeni. Katika maji ya bahari, kwa kila atomi 6,400 za haidrojeni, moja ni deuteriamu, ile ile ya kiberiti kwenye upepo. Nyota haziachi deuteriamu salama, zinaiteketeza. Hatujui mahali pengine popote ilipoweza kutengenezwa kwa wingi isipokuwa kwenye dakika zile. Zilizomo kwenye glasi yako ni zile zilizoshika moto zikakosa wa kuungana naye jiko likiwa linazima.

#10

Mwalimu hapo kwenye glasi nimesimama nikaiangalia kweli. Endelea, elektroni bado hujaileta.

#11 Mleta uzi

Elektroni ni fupi. Baada ya dakika 20 palikuwa na viini tu, vimezungukwa na elektroni zinazokimbia ovyo, na mwanga unazigonga kila upande. Ulimwengu wote ulikuwa kama ukungu mzito wa moto. Heliamu ilitangulia kuzishika elektroni zake. Protoni ilichelewa, kwa sababu ile ile ya kiberiti: kila ilipoishika elektroni, mwanga uliing'oa. Ikapita miaka 380,000 hadi joto liliposhuka kwenye nyuzi 3,000, ndipo elektroni zikatulia. Hizo ndizo atomi za kwanza za haidrojeni. Ukungu ukafunguka, mwanga ukapata njia.

Mwanga huo tunao. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa kama pembe huko Holmdel, New Jersey, inatoa mvumo usiokoma. Waliwafukuza njiwa waliojenga ndani, wakakwangua kinyesi chao, mvumo ukabaki pale pale. Ulikuwa ni mwanga wa siku haidrojeni ilipopata elektroni zake, umepoa hadi nyuzi 2.7 juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Wakapata Nobel mwaka 1978.

Kwa wanakemia wenzangu: muunganiko wa kwanza kabisa wa atomi haukuwa wa haidrojeni mbili. Ni heliamu iliyoshikwa na protoni. Umetafutwa angani miaka mingi, ukapatikana mwaka 2019 kwenye wingu la NGC 7027 kwa darubini iliyobebwa na ndege, SOFIA. Heliamu, ambayo tunawaambia watoto haiungani na kitu!

#12

Ndugu mleta uzi, salamu kutoka Ngomeni, kaunti ya Kilifi. Sisi tumekua tukiyaona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini hapa, ya Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kupima miale ya eksirei, wakaipa jina Uhuru. Je, ina uhusiano na haya, ama ni mambo mbalimbali?

#13 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Ngomeni, karibu sana, na uhusiano upo. Uhuru ilionyesha kuwa makundi makubwa ya galaksi yanatoa eksirei kutoka eneo pana, si kutoka nukta moja. Ikaeleweka kwamba katikati ya galaksi hizo kuna gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, na kwa uzito gesi hiyo inazizidi nyota zote za kundi. Sehemu kubwa ni ile haidrojeni ya mwanzo ambayo haijawahi kuingia kwenye nyota yoyote. Ile dalili ya kwanza ilitoka kwa chombo kilichoondokea hapo mbele ya macho ya wazee wenu.

#14

Swali la mwisho kabla sijalala. Kwa nini elektroni zilitosha? Zingepungua je?

#15 Mleta uzi

Nazo zilipita kwenye maangamizi yale yale, elektroni na pinzani zake, katika sekunde za mwanzo. Zikasalia sawasawa na chaji za protoni, kwa kuwa jumla ya chaji ya ulimwengu ni sifuri. Kila protoni iliikuta yake.

Kesho kipindi cha pili naingia darasa lile. Vizibo 14 na vifuniko 2 vya buluu viko kwenye bahasha, na nimeomba zinki ibaki mezani.